Kasha Lisilovuma

Immaculée alikuwa mlangoni akichambua maharagwe aliposikia mvumo. Ulianza chini, kama nyuki waliofungiwa mtungini, kisha ukapanda, ukazidi kupanda. Hakuuliza unatoka wapi. Sahani ilimwanguka, akamnyakua binti yake Ketsia aliyekuwa akicheza uani, akatimua mbio kuelekea ziwani.

Nyumba ya mdogo wake Dieumerci haikuwa mbali na maji. Watu walimwona akipita katikati ya mitumbwi iliyovutwa mchangani, mtoto kifuani, kitenge kikiburuzika nyuma yake, na wengine wakadhani kuna nyumba inayoungua. Ukingoni hakusimama. Aliingia ziwani na nguo zake zote. Maji yakamfika magotini, yakamfika kiunoni, yakamfika kifuani, naye akawa anamkandamiza Ketsia kichwa ili kizame.

"Inama!" alipiga kelele. "Inama, itatuona!"

Ketsia alikuwa na miaka sita. Alipiga maji kwa mikono, akaibuka, akakohoa, akazamishwa tena. Wanawake wawili waliokuwa wakifua walitupa nguo zao na kuingia. Mmoja alimkamata mtoto mkono, mwingine akamkumbatia Immaculée kwa nyuma, lakini Immaculée alikuwa na nguvu ambazo hakuna aliyejua zimetoka wapi. Walivutana hapo, wote wakimeza maji, mpaka Dieumerci alipofika akimwita "yaya", dada mkubwa, kama alivyozoea.

"Yaya, achilia mutoto! Ni mashini! Ni mashini yangu tu njo inalia!"

Immaculée alimtazama kama mtu asiyemjua. Kisha vidole vyake vikalegea.

Ketsia alitapika maji mchangani, akaanza kulia, na kile kilio kikawarudishia watu pumzi. Dieumerci alivua shati lake akamfunika dada yake mabegani. Walipofika nyumbani, kompyuta ilikuwa bado inavuma chumbani, peke yake, na kwenye kioo wachezaji wa mpira walikuwa wamesimama uwanjani wakingoja mtu wa kuwachezesha.

Dieumerci alichomoa waya.

Kompyuta ile ilikuwa ya watu wawili. Dieumerci na rafiki yake Henri waliiunga kipande kwa kipande ili vijana wa mji wao, Baraka, wapate mahali pa kucheza mpira na mbio za magari kwenye kioo kikubwa. Kadi ya picha, kile kipande kinachochora mchezo na kupata moto kuliko vyote, ilikuwa ya Henri. Vilivyobaki vilikuwa vya Dieumerci, pamoja na kasha lenyewe: kasha refu la ofisi, la bati, lililozibwa mbele, lenye feni mbili ndogo. Mchezo ukianza, joto lilijaa mle ndani likakosa pa kutokea, na zile feni zikazunguka kwa wazimu. Zamani haikumsumbua mtu. Kelele za vijana zilizidi kelele za feni.

Kisha Immaculée akaja kutoka Kilembwe, huko milimani, Ketsia mgongoni na sufuria moja kichwani. Mume wake Nicolas alikuwa ameuawa shambani. Waliokuja naye ndio waliosimulia, tena kwa sauti ya chini: kitu kilikuja juu, mchana kweupe, kikavuma, kikaua watu kwenye mihogo. Yeye mwenyewe hakusema neno. Dieumerci akafunga chumba cha mchezo kwa ajili ya msiba. Siku ile ya ziwani ndiyo ilikuwa siku ya kukifungua tena. Aliwasha kompyuta kuijaribu tu, kabla vijana hawajafika.

Henri alikuja jioni. Hakuketi.

"Mi nasikitika juu ya Mama Ketsia," alisema. "Kweli nasikitika. Lakini batoto banakuya kuuliza mchezo, na chumba iko imefungwa. Mpaka lini?"

"Unipe nafasi kidogo."

"Nafasi ya nini? Ataacha kusikia?"

Dieumerci aliviringisha ule waya aliouchomoa.

"Kama hatutawasha, mi nitafungua kadi yangu," Henri akasema. "Kuna kijana moja wa Mboko anaitafuta. Si kwa ubaya, ndugu yangu. Bibi yangu iko karibu kuzaa, na mi sina kazi ingine."

Nyuma ya pazia Immaculée alisikia yote. Henri alipoondoka, Dieumerci alimkuta akizifunga nguo za Ketsia ndani ya kitenge.

"Unaenda wapi, yaya?"

"Kilembwe. Shamba iko kule."

"Na kule kuna nani?"

Alikaza fundo. "Nikibaki hapa nitaua mutoto, mudogo yangu. Uliona. Ni mikono yangu njo ilikuwa inamuzamisha."

Dieumerci aliketi kando ya godoro. Ketsia alikuwa amelala, nywele bado zina mchanga.

"Mashini itanyamaza," alisema.

"Hakuna mashini yenye kunyamaza."

"Ungoje tu boti ya Kigoma irudi. Kama haitanyamaza, mi mwenyewe nitakutafutia pikipiki ya kukurudisha."

Immaculée aliuweka mzigo magotini, akaushika kwa mikono miwili. Hakuufungua.

"Sawa," alisema. "Mpaka boti."

Usiku ule Dieumerci alimtumia Tania ujumbe amtafutie kasha lisilopiga kelele, na kesho yake Tania akapiga simu. Tania alikuwa mfanyabiashara wa Baraka aliyekulia ukimbizini Tanzania, na sasa alivuka ziwa kwenda Kigoma na kurudi na bidhaa za kila aina. Alikuwa dukani kwa muuza kompyuta, na boti yake ilikuwa imekwisha kuanza kupakia.

"Nawatumia picha," alisema. "Muchague haraka. Nikitoka hapa sirudi."

Dieumerci alimwita Henri, wakainama wote juu ya simu moja. Picha zilifika taratibu, mstari kwa mstari. Ya kwanza ilikuwa kasha kubwa lenye kioo mbele na taa za rangi zinazozunguka.

"Hii!" Henri alisema. "Batoto banapenda mataa. Hii itajaza chumba."

"Njo shida yake. Yaya analala hapa na mutoto. Tutaiweka wapi?" Dieumerci aliinua macho. "Na siku ya kukimbia, nani ataibeba?"

Baraka nzima, mtu aliyevuka utoto anakumbuka walau asubuhi moja ya kuondoka na kile tu kinachokaa mgongoni. Kasha kubwa likaachwa hapo bila maneno zaidi.

La pili lilikuwa dogo, jeusi, lenye kuta nene zilizobandikwa sifongo kwa ndani. Muuzaji alimwambia Tania kwamba sifongo ile inameza kelele. La tatu lilikuwa dogo zaidi, la wavu wa chuma kila upande, hata mtu aliweza kuona ukuta wa duka kupitia ndani yake.

"Ile ni kizimba ya kuku," Henri alisema. "Kelele itapitia mu kila tundu. Kama unataka kimya, kamata ile ya sifongo, bwana, tumalize."

Ilionekana ni kweli. Dieumerci alikwisha kuanza kuandika jibu, kidole kikasita. Alifikiria mzigo ule wa kitenge uliokuwa bado umefungwa, umeegemea ukuta. Akikosea hapa, hakuna boti nyingine.

"Ngoja," alisema.

Alimwomba dada yake ampeleke Ketsia sokoni kununua chumvi. Alisimama mlangoni akiwaangalia mpaka walipokata kona, akangoja tena kidogo, ndipo akawasha kompyuta na kufungua mchezo wa magari. Feni zikapanda, zikavuma vile vile kama jana. Alichukua bisibisi, akafungua kuta za pembeni zote mbili, akaziegemeza ukutani. Wakasikiliza. Mvumo ulikaa juu kwa muda, kisha ukaanza kushuka, ukashuka hata wakasikia kuku wa jirani.

Alizirudisha kuta. Akafunika kasha lote kwa boksi la karatasi nene, na juu ya boksi akatandika blanketi.

Kimya.

"Si unaona?" Henri alisema. "Blanketi njo dawa."

Dieumerci alikuwa akitazama kioo, pembeni, mahali panapoonyesha joto. Namba ilikuwa inapanda. Ikaendelea kupanda. Chini ya blanketi feni zilianza kulia, kwanza kwa mbali, kisha kwa sauti kali ya kuchana, mbaya kuliko ile ya jana, na meza ikatetemeka. Henri mwenyewe alirudi nyuma hatua moja.

"Zima! Itaunguza kadi yangu!"

Dieumerci alivuta blanketi na boksi, akazima. Hewa iliyotoka ilimpiga usoni kama ya tanuri.

"Ni joto njo inazilizisha," alisema, akihema. "Ukiifungia, inalia zaidi. Inataka hewa tu."

Alimpigia Tania. Akamwomba kasha la wavu, na akamwuliza kama kuna feni pana. Zilikuwepo, Tania alisema, tatu, kila moja pana kama kiganja kilichofunguliwa. Hizo ndizo alizozitaka Dieumerci. Feni ndogo hukimbia ili isukume hewa ambayo feni pana huisukuma ikitembea.

"Muuzaji anasema iko na ya kupoza na maji pia," Tania akaongeza. "Ya mipira. Anasema njo ya kisasa."

"Maji ikivuja hapa Baraka, nani atatengeneza? Sisi ni hewa tu. Lakini nipimie kitu kimoja, dada Tania. Toka ku bati ya ndani, kwenye vitu vinafungiwa, mpaka ku wavu wa pembeni. Ni sentimita ngapi?"

Mle ndani ya kompyuta yake kulikuwa na kipozeo, mnara wa mabati membamba uliokaa juu ya ubongo wa mashini na kuunyonya joto. Mnara ule ulikuwa mrefu. Kasha likiwa jembamba kupita kiasi, halitafungika. Dieumerci aliupima kwa rula ya shule: sentimita kumi na tano na nusu.

"Hapa ni kumi na..." Tania alisema, na simu ikakatika.

Wakapiga tena. Haikuita. Wakapiga tena. Henri alitoka nje, akaipandisha simu yake juu ya kichwa, akarudi akitikisa kichwa. Dieumerci alijikuta ameishika rula kwa nguvu mpaka imempiga alama kiganjani. Mara ya nne ikaita.

"Kumi na sita!" Tania alisema kwa kelele, nyuma yake watu wakigombana. "Kumi na sita, na wananiita ku boti!"

"Na urefu? Kadi ya Henri itaingia?" Akamtajia kipimo.

Mlango ukafungwa mahali fulani Kigoma.

"Itaingia. Inabaki kidole moja."

Dieumerci alimtazama Henri. Henri alikuwa bado anaitamani ile ya mataa, ilionekana usoni mwake. Akapangusa jasho.

"Kamata kizimba yako," alisema.

Simu ilikuwa imekatika tena. Dieumerci akaandika ujumbe: *Ya wavu. Na feni tatu pana.* Alama moja ikatokea kando ya maneno, ikakaa hapo, moja tu. Wakasimama uani wakiitazama. Immaculée na Ketsia walitokea kwenye kona na chumvi yao, wakakaribia, wakafika, wakapita ndani. Ndipo alama ya pili ikatokea, na baada yake maneno ya Tania: *Nimekamata. Naingia boti.*

Boti ilipofika, Dieumerci na Henri walikuwa gatini tangu asubuhi. Tania alishuka amechoka, akawaonyesha boksi kati ya magunia ya unga na madumu ya mafuta. Lakini kabla hawajaligusa, mtu wa usalama aliyekuwa akikagua mizigo aliliweka mguu juu.

"Ya nani hii?"

"Yangu, chef," Dieumerci alisema.

Mtu yule alikata kamba kwa kisu. Alilitoa kasha la wavu, akaligeuza, akaliweka chini. Kisha akatoa feni, moja, mbili, tatu, nyeusi, kila moja na mabawa yake na waya wake. Alishika moja juu kwenye mwanga. Bawa likazunguka kidogo na upepo wa ziwa.

"Na hii?"

"Ni feni. Ya kupoza ordinateur, kompyuta ya nyumbani."

"Tatu, zote na mabawa na waya." Sauti yake haikuwa ya dharau. Alikuwa na macho mekundu ya mtu asiyelala vizuri. "We unajua bantu banakufa na nini huko juu? Unajua ni nini inazunguka vile?"

Neno halikusemwa, lakini lilisikika. Wapakuzi waliacha magunia. Mwanamke mmoja alimvuta mwanawe nyuma. Kutoka katikati ya watu sauti ikasema, "Ni droni," na sauti nyingine ikalirudia, na likapita midomo yote ya gati lile haraka kuliko mtu anavyoweza kulikimbilia na kulikanusha.

"Si droni, chef, nakuomba. Niko na mashini nyumbani, naweza kukuonyesha..."

"Kaa chini."

Dieumerci aliketi kwenye ubao. Alimtafuta Henri kwa macho, hakumwona. Tania alikuwa akieleza, akaambiwa anyamaze. Watu walisogea. Kijana mmoja aliokota jiwe, si kubwa, akalishika tu, akilipimapima uzito. Dieumerci alijua jinsi mambo haya yanavyokwenda. Mtu wa usalama naye alijua, maana alimsimamia karibu zaidi, mkono mmoja kwenye bunduki, na hakuna aliyeweza kusema anamlinda au anamzuia.

Henri hakuwa amekimbia. Alikuwa amekwenda kumtafuta chef d'avenue, kiongozi wa mtaa wao, akakosa mtu. Akapitia nyumbani kwa Dieumerci, na pale kulikuwa na Immaculée peke yake.

Watu walimpisha mama yule aliyekuwa akija bila viatu. Wengi walimtambua, ni yule wa ziwani. Alipoona kilichokuwa mkononi mwa mtu wa usalama, alisimama ghafla.

"Yaya, rudi nyumbani," alisema.

Hakurudi. Alisogea mpaka mbele ya yule mtu.

"Bwana, unipe nikamate."

"Mama, hii si mambo yako."

"Mi niliona droni," Immaculée alisema. "Hapa kuna nani mwingine aliiona?"

Mtu wa usalama alisita, kisha akampa feni. Aliipokea kwa mikono miwili kama anayepokea kitu cha moto. Alisukuma bawa moja kwa kidole. Likazunguka polepole, likasimama.

"Si hii," alisema. "Ile ilikuwa kubwa kama mulango. Ilikuwa na tumbo nyeupe. Ilisimama juu ya mihogo, haiendi, haishuki, inavuma tu. Bwana yangu alisema pengine ni bantu ba kupima udongo. Akavua kofia yake." Aliinua mkono mmoja. "Akaipungia kofia. Aliisalimia. Mi nilikuwa mu muto, chini, nafua na mutoto, nikaona mukono yake iko juu. Njo ikapiga. Nikamukamata mutoto, nikamuinamisha kichwa mu maji mpaka ikaenda."

Wale wanawake wawili waliomtoa ziwani walikuwemo katika kundi. Mmoja aliweka kiganja mdomoni.

"Kilembwe?" mtu wa usalama aliuliza, taratibu.

"Kilembwe."

Kijana wa jiwe hakuonekana tena. Jiwe lilikuwa chini. Hatimaye yule mtu alirudisha kasha ndani ya boksi kwa mikono yake mwenyewe, akaweka na feni. Moja akaibakiza.

"Hii nitaionyesha bakubwa," alisema. "Si juu ya ubaya. Mi nako niko na bantu ba kunihoji. Beba, uende. Na umupeleke dada yako nyumbani."

Waliunga kompyuta mchana ule ule, mlango wazi. Henri alishika skrubu kwenye kiganja na kuzitoa moja moja. Feni zilizobaki zilikuwa mbili, na walibishana kidogo mahali pa kuziweka. Mwisho Dieumerci akafunga moja mbele ivute hewa na nyingine nyuma iitoe, na pa juu wakapaacha wazi, joto lipande lenyewe. Kadi ya Henri iliingia, ikabakiza kidole kimoja kama Tania alivyosema. Mnara wa kipozeo ulipofika zamu yake, Dieumerci alifumba macho akisukuma wavu wa pembeni. Ulifunga. Kasha zima likakaa rafuni, karibu na dirisha, dogo kuliko mtungi wa maji.

Ketsia alipelekwa kwa jirani. Dieumerci alitaka dada yake naye akae mlangoni, mbali. Immaculée alivuta kigoda akakiweka chini ya rafu.

"Usinidanganye," alisema. "Uniambie ukiwasha."

"Nimewasha, yaya."

Aligeuza kichwa. "Iko inafanya kazi?"

"Iko."

Henri alifungua mchezo wa magari, ule mzito kuliko yote, akaanza kuendesha. Gari lilipita mjini, likapita darajani. Pembeni ya kioo namba ya joto ilianza kupanda na wote watatu wakaitazama, hata Immaculée aliyekuwa hajui maana yake. Feni zikaongeza mwendo. Kulikuwa na sauti, ya chini, kama pumzi ya mtu aliyelala chumba cha pili. Immaculée alishika ukingo wa kigoda. Namba ikapanda tena kidogo, ikasimama.

Kisha, *trrrrr*.

Immaculée alikuwa nje kabla kigoda hakijamaliza kuanguka. Dieumerci alichomoa waya, akachungulia kwenye wavu: kiwaya kimoja kilikuwa kimelegea na kugusa bawa. Ni hicho tu. Alikifunga kwa uzi, mikono ikimkosea mara mbili, huku akisikiliza nje, akingoja kelele za watu kutoka ziwani.

Hazikuja. Alipotoka alimkuta uani, ameegemeza viganja vyote viwili ukutani, kichwa chini, anapumua. Hakuwa amekimbia zaidi ya hapo.

"Ni waya tu, yaya. Nimeikamata."

"Ungoje," alisema. "Ungoje kwanza."

Alingoja. Baadaye Immaculée alijipangusa uso kwa kitenge, akarudi ndani mwenyewe, akainua kigoda. Wakawasha tena. Safari hii Henri alimaliza mbio zote, akashinda, wala hakushangilia.

"Iko inavuma kidogo," Immaculée alisema.

"Ndiyo, yaya. Kidogo iko."

Aliitikia kwa kichwa, kama mtu aliyetajiwa jambo la kweli.

Chumba kilifunguliwa. Vijana walilicheka lile kasha la wavu, kisha wakazoea. Mwanzoni wakifika wao, Immaculée alikwenda sokoni. Siku zilivyopita akaanza kubaki, akipika nyuma, mlango wa kati wazi. Si kwamba alipona. Pikipiki mbovu ikipanda mlima wa pale bado humfanya aache alichoshika, na Ketsia hakubali tena kuogeshwa ziwani, huogeshwa kwa beseni. Feni ya tatu haikurudi. Henri alipata mtoto wa kike, na kadi yake ikabaki mahali pake.

Siku moja ya mvua, hapakuwa na wachezaji. Dieumerci alikuwa akisafisha vumbi kwenye wavu kwa brashi, Immaculée akimsuka Ketsia nywele mpaka mtoto akalala magotini mwake.

"Yaya," alisema, bila kugeuka. "Ule bwana wa gati ulimuambia yote. Mambo ya kofia. Mi hukuniambia."

Immaculée alimaliza msuko aliokuwa nao.

"Hukuniuliza," alisema.

Ilikuwa kweli. Alikuwa amepima mnara, amepima kadi, amewauliza watu wa Kigoma upana wa feni. Dieumerci aliweka brashi chini, akaja akaketi mkekani mbele yake.

"Nakuuliza."

Mvua ilipiga mabati. Immaculée aliutandaza mkono wake juu ya sikio la mtoto aliyelala, akaanza na asubuhi yenyewe, jinsi Nicolas alivyoamka akitafuta jembe, akalikosa, akawaamsha wote.